Sheria ya 1982 haikukataza kujenga North Topsail Beach

Mwandishi wa makala ninayoijibu ameyaeleza vyema malalamiko ya mji wa North Topsail Beach, North Carolina, unaotaka sehemu ya ardhi yake iondolewe katika ramani ya maeneo ya pwani ambayo serikali ya shirikisho ya Marekani iliyahesabu kuwa hayajaendelezwa, lakini msomaji anaweza kudhani kwamba ujenzi umepigwa marufuku huko. Sivyo. Sheria aliyoitia saini Rais Reagan mwezi Oktoba 1982 haimzuii mtu kujenga kwa fedha zake. Inachozuia ni bima ya mafuriko ya serikali hiyo na sehemu kubwa ya misaada yake, ili mlipakodi asibebe hasara ya nyumba zilizo juu ya visiwa vya mchanga vinavyohamahama kwa dhoruba.

Hoja ya mji kwamba barabara, maji na umeme vilikuwapo tayari wakati ule haipaswi kupuuzwa, kwani kigezo cha kuihesabu ardhi kuwa haijaendelezwa hakikuwa uchache wa nyumba pekee, yaani pungufu ya moja kwa kila ekari tano, bali pia ukosefu wa huduma kama hizo. Hata hivyo, wamiliki wa ardhi wa kisiwa cha Topsail, ulipo mji huo, walikwisha kushindwa katika mahakama ya rufani mwaka 1985, kwa kuwa mipaka ilichorwa na Bunge lenyewe. Nawahurumia waliojenga kabla ya ramani. Waliojenga baadaye (na mji wenyewe ulianzishwa rasmi mwaka 1990) walikuwa na nafasi ya kuisoma kwanza.