Usilivishe lori la winchi nguo za kifaru

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na bwana mmoja mwenye sehemu ya kupokea wageni huku kwetu Malindi, akaniambia amesikia nina lori la jeshi la zamani na yuko tayari kulinunua, na bei aliyotaja wallahi ingelipa karo ya watoto wangu wawili mwaka mzima. Mpango wake ni kulipulizia rangi ya madoadoa, achomelee bomba juu ya kabini lionekane mzinga wa kifaru cha vita, kisha aliweke getini watalii wapige picha. Nikamwambia kwa kazi hiyo haliuzwi. Akadhani natafuta nyongeza, akaongeza. Nikakataa tena. Nyumbani nimeulizwa sababu, na wana haki ya kuuliza, kwa hivyo jibu langu lote naliweka hapa.

Lori lenyewe ni Bedford RL, yale yenye uso bapa, dereva anakaa juu ya tairi la mbele na injini iko humo humo kabini katikati yake na utingo, sasa ukiliendesha saa saba mchana na jua la huku utajua mwenyewe. Ni la Uingereza, walianza kuyatoa 1953 na mpaka wanaacha walikuwa wametengeneza zaidi ya 70,000. Injini ya petroli, silinda 6, lita 4.9, tairi zote nne zinavuta. Lakini langu lina winchi chini ya bodi, ule mtambo wa kuzungusha waya wa chuma unaovuta vitu vizito, yaani hili ni gari la kazi, la kukokota wenzake waliokwama, na ugomvi wangu na yule bwana unaanzia hapo hapo.

Nililikuta miaka mitatu nyuma kwenye timbo moja la mawe nje ya mji, limezama mchangani mpaka ekseli na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe alitaka kuliuza kwa kilo. Nilipolifikisha nyumbani sikushika spana mwezi mzima, na hili nawaomba wenzangu mnaopenda hizi mashine mlishike, manake fundi wetu akipata chuma cha zamani kitu cha kwanza anawasha grainda, na ile grainda kwa dakika tano inafuta historia ya miaka sitini. Mimi nilichukua msasa laini wa maji, nikasugua mlangoni mahali padogo kama kisahani cha kikombe, polepole, naosha na kuangalia, mpaka rangi zikajitokeza duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Manjano ya timbo juu, chini yake nyeupe, halafu kijivu, halafu kijani kizito karibu na cheusi, ile rangi ya jeshi la Uingereza la zamani. Nikahamia kwenye bampa nikafanya vile vile, na juu ya kile kijani pakatokea kivuli cha namba, tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Huo ndio mtindo wa namba ambao jeshi la Uingereza lilianza kuutumia kwa magari yake 1949.

Niliketi chini pale pale.

Kwa sababu namba hiyo inasema lori halikununuliwa na serikali yetu likiwa jipya, limekuja na Waingereza wenyewe, na Waingereza wa miaka hiyo hapa Kenya walikuwa na kazi gani sote tunajua. Hali ya Hatari ilianza Oktoba 1952 ikaisha 1960, na wahandisi wa jeshi lao ndio waliopasua barabara ndani ya msitu wa Aberdare ili askari waingie kuwasaka Mau Mau. Kuvuta magogo na kunasua malori kwenye matope kama ya kule juu ndiyo kazi ya magari ya winchi kama hili. Sasa niambie, kitu chenye hesabu nzito namna hiyo utakipaka madoadoa ya chui, ukiwekee mzinga wa bomba la maji, halafu mtoto wa Kikuyu au wa Kigiriama asimame mbele yake apige selfi bila kuambiwa lolote? Mimi siwezi. Sisemi kifichwe, nasema kionyeshwe kama kilivyokuwa, na winchi yake na rangi yake na kibao kinachoeleza.

Na kuna jambo la pili linaloniuma zaidi. Watu wakisikia magari ya deraya, yale ya vita yaliyovishwa chuma, akili inakimbilia kifaru na mzinga tu. Kule Bovington, Uingereza, kwenye makumbusho ya vifaru, kuna Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia 1943, wameirudisha mpaka inawaka na kutembea, na watu wanasafiri kutoka nchi za mbali waisikie ikinguruma. Sina ubaya nayo, ningekuwa na nauli ningeenda pia. Lakini magari ya wahandisi, yanayochimba, yanayovuta, yanayotandika daraja, hayo yanaishia kwa wauza vyuma, na hayo ndiyo yanayofanana na maisha ya watu wa huku.

Angalia yalivyozaliwa. Tarehe 19 Agosti 1942 Wakanada walishushwa ufukweni Dieppe, Ufaransa, vifaru vyao vya Churchill vikashindwa na kokoto za ufukwe na vizuizi vya saruji, na wale wahandisi waliotakiwa kulipua vizuizi walikuwa nje, kwa miguu, baruti mkononi, wengi wakapigwa risasi kabla hawajafika. Baada ya pale ndio likaja wazo, huyu mhandisi tumuweke ndani ya chuma. Churchill ikageuzwa ikaitwa AVRE, yaani gari la deraya la wahandisi, ikapewa mtambo wa kurusha bomu la kuvunja saruji, nyingine zikabeba furushi kubwa la fito la kujazia handaki, nyingine zikatandaza kitu kama busati juu ya mchanga laini ili zinazofuata zisizame. Mtu yeyote aliyewahi kukwama na pikapu kwenye mchanga wa Mambrui anaelewa thamani ya lile busati bila kufundishwa. Na Churchill ilitengenezwa na Vauxhall, ambao ndio wenye chapa ya Bedford, injini yake ya silinda 12 ilikuwa Bedford, kwa hivyo hili lori langu na ile AVRE ni watoto wa nyumba moja.

Miaka ya 1970 Waingereza wakatoa mashine nyingine, FV180, trekta la deraya la wahandisi, linaelea mtoni, na juu yake lina nanga inayorushwa kwa roketi karibu mita 100. Linarusha nanga ng'ambo, inajikita, halafu linajivuta kwa winchi lipande ukingo wa matope. Nilipomhadithia nahodha mmoja jirani yangu alinyamaza kwanza, akaniuliza nanga ina ndoana ngapi na kamba ni ya nini. Kwenye mzinga wa Tiger hakuniuliza kitu.

Hata vita vyenyewe vilipofika huku vilikuwa vita vya mito. Oktoba 1940 ndege za Waitalia zilidondosha mabomu hapa Malindi. Miezi michache baadaye jeshi lililotoka Kenya, ndani yake wakiwemo Keya wa huku kwetu, yaani askari wa King's African Rifles, likafika mto Juba kule Somalia, na lililokuwa linawazuia ni maji. Walivukia Yonte Februari 1941, wahandisi wakatandika daraja la pantoni, na tarehe 25 mwezi ule ule wakawa Mogadishu. Waliovusha lile jeshi ni watu wa boti, kamba na mbao. Na sisi juzi tu, Novemba 2023, mvua za El Nino zilipokata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, mabasi yakasimama na abiria wakavushwa kwa boti. Mtu aliyekaa pale kando ya maji na mgonjwa anamsubiri Lamu hamu yake ni daraja. Paneli moja ya daraja la Bailey ni futi 10, uzito karibu kilo 260, watu sita wanaibeba mkononi bila kreni. Hebu fikiria makumbusho yetu yangekuwa na paneli moja tu, watoto wa shule sita sita waijaribu kuinua.

Mwaka jana nilisikia kuna tingatinga la zamani la jeshi limelala kwenye yadi moja, sitaitaja ni ya nani, nikapiga simu nikaambiwa njoo Jumatatu uliangalie. Nilifika Jumatatu saa tatu asubuhi. Walikuwa wamelikata kwa gesi tangu Jumamosi. Kulikuwa na pisi za chuma zimepangwa kwa saizi, kingo bado zinang'aa buluu, na kibao cha namba kilikuwa kimekatwa katikati. Nikawauliza kwa nini hawakunisubiri, kijana wa pale akasema bei ya chuma ilikuwa imepanda. Nusu moja ya kile kibao ninayo gereji, nimeipigilia ukutani.

Tuje kwenye kazi sasa maana wengi mnaniuliza kutu nafanyaje, na chumvi ya huku haina huruma, inakula kutoka ndani ya chesisi nje unaona safi. Vyuma vidogo natumia magadi. Unachukua pipa la plastiki, maji na magadi, chuma chako unakining'iniza kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri, upande wa chanya unaweka kipande cha chuma cha kutupa, visigusane, unaacha usiku kucha. Asubuhi kutu imelegea inatoka kwa brashi na chuma kizuri hakijaliwa. Fanya nje penye upepo kwa sababu inatoa gesi inayoshika moto, na usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kinatoa sumu. Breki za zamani zina asbesto, usipulize vumbi lake na kompresa hata kama una haraka vipi. Na magurudumu, ndugu zangu, hapa nisikilizeni vizuri, magari mengi ya jeshi la Uingereza rimu zake ni vipande viwili vimefungwa kwa nati, kuna nati za kutoa gurudumu na kuna nati za kushika vile vipande, ukikosea ukafungua hizi za pili na upepo umo ndani rimu inaruka kama bomu. Toa upepo wote kwanza, toa na kile kijiti cha vali, ndipo uguse nati.

Winchi ilikuwa imeganda kabisa. Hapo niliokolewa na mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa dereva jeshini miaka ya 70, nilikuwa nampita kila siku namwamkia shikamoo bila kujua anajua nini. Alikuja na kiti chake akaketi kivulini, akaniambia mwanangu hiyo usiipige nyundo, mwagia dizeli uiache siku tatu, kila siku uigeuze kidogo mbele kidogo nyuma. Siku ya nne ikasogea upana wa kidole. Tangu hapo namuandika kila anachosema kwenye daftari na tarehe, kwa sababu mimi sijakutana na kitabu chenye yale mambo, mfano vile walivyokuwa wanatupa gunia zito juu ya waya wakati wa kuvuta ili ukikatika usimrukie mtu. Kama unaye babu alikuwa jeshini, dereva, fundi, wa wahandisi, kaa naye jioni hii. Lori linaweza kusubiri kwenye timbo miaka mingine kumi, yeye tumuombee uhai tu.

Jumapili iliyopita lori tulilipeleka ufukweni Shela ya hapa hapa Malindi. Wavuvi walikuwa na mashua ya kupandisha ikalafatiwe, kawaida inataka watu ishirini. Mzee akasema lifungeni lori kwanza kwa mnazi, mwanangu, la sivyo mtakuwa mnalivuta lori liende kwa mashua. Tukalifunga kwa waya wa pili kwenye minazi miwili. Nahodha akaleta kapi, tukapitisha waya ukarudi lorini, kwa hivyo mvuto ukawa maradufu na mwendo nusu. Gunia la mchanga juu ya waya, watoto wote wakarudishwa nyuma ya ukuta. Injini kwenye silensa tu, bila kukanyaga mafuta. Mashua ikaanza kupanda taratibu juu ya magogo, bila kelele, mpaka mwenye mashua akainua mkono.

Bado sili ya winchi inavuja na kabureta inataka kufunguliwa upya. Rangi ya kijani nimeshaichanganya kulinganisha na ile ya mlangoni, nasubiri kaskazi itulie nisije nikapulizia na mchanga. Na kile kidirisha cha msasa mlangoni sitakipaka, kitabaki hivyo hivyo na duara zake.