Hapa ndipo Obama alipobwagwa

Wakenya wenzangu wakisimulia habari za Obama huanzia 2004, alipochaguliwa seneta wa Marekani, au usiku ule wa Novemba 2008 Kogelo, kijiji cha baba yake, ilipokesha. Mimi huanzia Jumanne, 21 Machi 2000. Siku hiyo, kwenye mchujo wa chama cha Democratic hapa South Side, Chicago, Obama alitaka kumng'oa Bobby Rush kwenye kiti chake cha Baraza la Wawakilishi. Alibwagwa vibaya: Rush asilimia 61, yeye 30. Tangu siku hiyo hajashindwa tena uchaguzi wowote.

Naishi kwenye eneo bunge hilo, la kwanza la Illinois, mwaka wa 14 sasa. Jamaa wa nyumbani wakiniuliza ilikuwaje mtu aliyekuja kuwa rais akataliwe na weusi wenzake, huwa nawaambia hawakumkataa. Walikuwa na mtu wao. Na ukitaka kujua kwa nini walimshikilia hivyo, inabidi urudi nyuma karibu miaka mia.

Ukiteremka Barabara ya Martin Luther King, kwenye mtaa wa 26, utakuta sanamu ya shaba ya mwanamume mwenye sanduku lililofungwa kwa kamba. Ukiwa mbali unadhani suti yake ina magamba ya samaki. Sogea karibu: ni soli za viatu, zimetoboka kwa kutembea, zimepangwa moja juu ya nyingine kuanzia mabegani hadi miguuni. Ametazama kaskazini. Ni kumbukumbu ya weusi waliohama Kusini mwa Marekani kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, wakikimbia mashamba ya pamba, umaskini na watu kunyongwa hadharani. Mzee mmoja jirani yangu alikuja hivyo kutoka Mississippi akiwa na miaka saba, kwa reli ya Illinois Central. Anachokikumbuka zaidi ni sanduku la viatu ambalo mama yake alikuwa amelipakia kuku wa kukaanga na mikate, kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kukaa kwenye behewa la kulia chakula.

Mwaka 1910 weusi wa Chicago walikuwa kama 44,000. Kufikia 1930 walikuwa wamepita 230,000, lakini hawakuweza kuishi popote walipotaka. Wenye nyumba wazungu waliandikiana mikataba ya kutomuuzia wala kumpangisha mweusi, na mahakama ziliitia nguvu mikataba hiyo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozikataza mwaka 1948. Kwa hiyo daktari, mwalimu, mpagazi wa treni, mchinjaji na mama wa kufua nguo walibanana kwenye ukanda mmoja mwembamba kusini mwa katikati ya jiji. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ilikatwakatwa vyumba, kila chumba kikapewa familia yake, choo kimoja kwa sakafu nzima.

Ubaguzi huohuo uliowafungia mahali pamoja ndio uliorundika kura zao pamoja. Mwaka 1928 walimchagua Oscar De Priest, Republican mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa tayari ameshakuwa diwani wa kwanza mweusi wa jiji. Tangu George White wa North Carolina aondoke mwaka 1901, Bunge la Marekani halikuwa na mweusi hata mmoja. Mke wa rais, Lou Hoover, alipomkaribisha Bi. Jessie De Priest chai Ikulu mwezi Juni 1929, pamoja na wake wa wabunge wengine, magazeti ya Kusini yalichachamaa na baadhi ya mabunge ya majimbo ya huko yakapitisha maazimio ya kulaani. Kwa kikombe cha chai!

Kiti hicho hakijatoka mikononi mwa weusi hadi leo, na hakuna eneo bunge lingine Marekani lenye rekodi ndefu kiasi hicho. Arthur Mitchell, Democrat wa kwanza mweusi bungeni, alimwondoa De Priest mwaka 1934. Mwaka 1937 Mitchell alitolewa kwenye behewa la daraja la kwanza huko Arkansas, akiwa na tiketi yake, akasukumwa kwenye behewa la weusi. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu na kushinda mwaka 1941. William Dawson alikaa kuanzia 1943 hadi alipofariki 1970, akigawa kazi na kukusanya kura mtaa kwa mtaa kwa niaba ya chama. Ralph Metcalfe, aliyekimbia na Jesse Owens kwenye Olimpiki ya Berlin 1936 na kutwaa dhahabu ya kupokezana kijiti, alikuwa mtu wa Daley, meya wa Chicago, mpaka pale aliposhindwa kuunyamazia ukatili wa polisi mwaka 1972. Harold Washington alitoka kwenye kiti hiki 1983 akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Charles Hayes, aliyemrithi, alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nyama.

Halafu Rush. Aliletwa kutoka Georgia akiwa mtoto, akawa mmoja wa waanzilishi wa Black Panther, chama cha wanamapinduzi weusi, hapa Illinois mwaka 1968, na mwaka uliofuata alimzika mwenzake Fred Hampton, aliyeuawa na polisi nyumbani alfajiri. Oktoba 1999, kampeni zikiwa zimeanza, mtoto wake Rush alipigwa risasi akafa, na watu wakaomboleza naye. Sasa mbele ya mtu kama huyo anasimama kijana aliyesoma Harvard, anayefundisha sheria chuo kikuu, aliyekulia Hawaii. Ungekuwa wewe, ungempa nani kura? Baba kuwa Mluo hakukumsaidia, wala rangi ya ngozi haikutosha. Watu wa hapa walimpima mtu kwa alichopitia nao.

Mwaka 2001 mipaka ya viti vya bunge la jimbo la Illinois ilichorwa upya. Vyama viliposhindwa kuelewana, jina la mjumbe wa kuamua lilichotwa kwenye kofia iliyotengenezwa kufanana na ya Abraham Lincoln, likatoka la Democrat, na chama chake kikashika kalamu. Obama, aliyekuwa seneta wa jimbo, alikaa na mtaalamu wa ramani, na eneo lake likanyooshwa kaskazini kando ya ziwa hadi mitaa ya matajiri wazungu. Simlaumu kwa kutafuta njia. Ila tukio hilo linanisumbua, kwa sababu eneo bunge langu nalo limevutwavutwa vivyo hivyo.

Hesabu yenyewe ni ngumu, nakubali. Weusi wa Chicago walikuwa karibu milioni 1.2 mwaka 1980. Sensa ya 2020 ilihesabu kama 788,000. Machinjio makubwa yalifungwa 1971. Maghorofa 28 ya nyumba za umma za Robert Taylor yalibomolewa yote kufikia 2007, na familia zikatawanyika. Wenye uwezo walihamia vitongojini, haki ambayo wazazi wao walinyimwa. Illinois iliyokuwa na wabunge 27 leo ina 17, na kila mmoja lazima awe na watu zaidi ya 750,000. Kwa hiyo ramani ya 2021 iliuburuta mstari kutoka Bronzeville, kiini cha ukanda ule wa weusi, ukapita Kaunti ya Will, hadi sehemu za Kaunti ya Kankakee penye mashamba ya mahindi na soya. Weusi sasa ni karibu nusu tu. Rush alipostaafu, wagombea 17 walijazana kwenye mchujo wa Democratic wa 2022, na Jonathan Jackson, mwana wa mwanaharakati wa haki za weusi Jesse Jackson, akapita bila kufikisha hata theluthi moja ya kura.

Mimi naona namba ya eneo bunge imehifadhiwa huku eneo bunge lenyewe likichanguliwa. Mkulima wa Kankakee anastahili mbunge anayejua bei ya soya. Mama wa mtaa wa 47 anastahili anayejua kwa nini duka la mboga lilifungwa. Ukiwaweka pamoja ili tu hesabu ya chama itimie, umewapunja wote wawili.

Mwaka 2021 nilihudhuria kikao kimoja cha kutoa maoni kuhusu mipaka. Kilifanywa mchana, siku ya kazi, na tulikuwa wachache kiasi kwamba niliweza kutuhesabu kwa vidole. Mzee jirani yangu, aliyepiga kura hapa tangu enzi za Dawson, hakuwa na habari kwamba kipo. Sensa nyingine ni 2030. Ninachoomba ni kidogo: kikao cha ramani hiyo kifanyike jioni, Bronzeville, ukumbi ambao mzee anaweza kuufikia kwa basi, na ramani ibandikwe ukutani kabla haijapigiwa kura.