Afunge mdomo tu? Haya, tuongee

Wiki iliyopita kwenye grupu la ukoo dada yetu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alituma meseji ndefu ya adabu zote, shikamoo kwa wakubwa, poleni na majukumu kwa wengine, akaeleza kwamba daktari kamshauri afanyiwe operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula kwa sababu ya uzito na sukari, bima imemkatalia, kwa hiyo anaomba tumshike mkono. Tiki za bluu zikajaa, kimya. Baadaye mjomba akajibu maneno matatu: "Afunge mdomo tu." Zikafuata emoji za kucheka mpaka machozi, na shangazi akaongezea kwamba wanawake wa siku hizi wanapenda njia za mkato.

Grupu hilohilo ndugu zangu ndilo lililochangia harusi ya mdogo wetu juzi tu hapa, watu wanaahidi laki tano za MC na hakuna aliyeuliza MC anashusha presha kwa kiasi gani.

Sasa tuwekane sawa maana nimegundua wengi wanachanganya mambo. Ukisema operesheni ya unene mtu akili inaenda kwenye kunyonywa mafuta, yale mambo ya kiuno na shepu, halafu anakumbuka ile habari ya Nairobi ya 2024, mama wa watu kafariki baada ya kunyonywa mafuta kliniki, basi anahitimisha kwamba zote ni zilezile, urembo na kifo. Hapana. Mwaka 2004 Marekani walitoa utafiti, wanawake 15 wanene, karibu nusu yao wana sukari, wakanyonywa mafuta ya tumboni kama kilo 10 kila mmoja. Kilo kumi, yaani ndoo nzima ya maji! Baada ya wiki kadhaa wakapimwa: presha palepale, mafuta ya kwenye damu palepale, insulini (homoni ya kushusha sukari) inafanya kazi vibaya vilevile. Kwa hiyo kutoa mafuta kwa mrija sio tiba ya sukari, gauni litakaa vizuri na ugonjwa utakaa vizuri pia.

Hii aliyoshauriwa dada ni kitu tofauti kabisa. Wanakata kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, linabaki bomba jembamba, au wanaunganisha utumbo upya ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo. Watu wanadhani siri ni kwamba tumbo limekuwa dogo basi unashiba haraka, na kweli unashiba, ila hiyo ni nusu ya stori. Ile sehemu ya tumbo inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ambayo Wajapani waliigundua 1999, na ukishabadilisha njia ya chakula, homoni za utumbo zinazosaidia insulini zinapanda, zilezile ambazo sindano za Ozempic, hizi za sukari na kupunguza uzito, zinaiga. Ndio maana madaktari wa North Carolina waliporipoti matokeo yao 1995 watu walishangaa, wagonjwa wa sukari walikuwa wanashuka sukari ndani ya siku chache, kabla uzito wenyewe haujapungua wa maana. Mtu anapunguziwa insulini kabla hata sketi haijaanza kupwaya.

Turudi kwenye kufunga mdomo, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Huyu dada amefunga mdomo kuliko mtu yeyote kwenye lile grupu. Namjua. Ameacha ugali, ameacha wali, amekunywa maji ya moto na ndimu mpaka meno yakauma, amenunua ule unga wa kijani wa wale mabinti wa Instagram (huo sisemi kitu nisije nikashtakiwa), ametembea asubuhi na magoti yake yale yanayolia. Akapungua kilo 20 mwaka mmoja, tukampongeza, tukamwita mwali. Zikarudi zote na nyingine juu, tukamwita mlafi. Mafundisho ya Prof. Janabi, yule daktari wa moyo, kuhusu kula tumeyasikia wote na mimi nayakubali, kwa mtu ambaye ndio kwanza kitambi kinaanza hayo yanatosha na abaki nayo. Ila mtu wa BMI 46 (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu, unene unahesabiwa kuanzia 30) yuko sehemu nyingine, mwili wake unapigana naye.

Na hili halihitaji imani. Kuna lile shindano la runinga Marekani la watu wanene kupungua, kelele za makocha, jasho, machozi, zawadi. Watafiti wakawafuata washiriki 14 miaka sita baadaye. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na kibaya zaidi miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku ukilinganisha na ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita! Hao walikuwa na kocha, na kamera, na hela, wewe unamwambia dada wa Mbagala anayeamka saa kumi kuwahi daladala kwamba shida yake ni nidhamu? Mjomba mwenyewe sigara imemshinda tangu Mwinyi yuko Ikulu.

Waswidi ndio wamenimaliza. Walianza 1987, wakachukua watu 2,010 waliofanyiwa operesheni na wengine 2,037 wanaofanana nao waliobaki na matibabu ya kawaida, wakawafuatilia miaka na miaka. Waliofanyiwa walikufa wachache zaidi, walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kidogo zaidi, wanawake walipata saratani chache zaidi, na kwa hesabu ya 2020 waliishi kama miaka mitatu zaidi ya wenzao. Kukoroma kule kwa kukata pumzi usingizini kunapungua, magoti yanapumua, wadada wengi ambao hedhi zilikuwa zimevurugika zinarudi na mimba zinaingia (ila daktari atakwambia usubiri mwaka na zaidi, sikiliza).

Haya, najua mnasubiri niseme ubaya wake. Nasema. Ni operesheni, sio facial. Inaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa 2009 waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama watatu kwa kila elfu. Utameza vitamini maisha yako yote, B12, madini ya chuma, kalsiamu, na ukipuuza utalipa. Mawe ya nyongo yanatokea. Pombe inapanda kichwani haraka na kuna wanaoangukia huko. Na sukari inaweza kurudi, Waswidi haohao waliona karibu watu 72 kati ya 100 wamepona sukari baada ya miaka miwili, baada ya miaka 15 wakabaki kama 30. Sawa, imeshuka. Ila kwa wale ambao hawakufanyiwa operesheni, waliopona baada ya miaka hiyo 15 walikuwa kama 6 au 7 tu kati ya 100. Chagua wewe.

Sindano nazo zinafanya kazi, sikatai, mwenye hela ya kuchoma kila wiki achome, maana ukiacha uzito mwingi unarudi. Lile puto wanaloweka tumboni hospitali ya Mloganzila pia lina kazi yake ila ni la muda, linatolewa.

Bima sasa. Hao ndio sielewi kabisa. Wameandika eti ni huduma ya urembo. Bima hiyohiyo inamlipia dawa za sukari kila mwezi, dawa za presha, vipimo vya macho, na mambo yakienda vibaya watakuja kulipia kusafisha figo mara tatu kwa wiki, huko hakuna anayesema urembo. Mwanamke wa miaka 41 mwenye sukari na presha anaurembesha utumbo ili nani auone?

Na hata akifanyiwa bado hamtamwacha. Akiwa mnene mnasema ndoa imemkubali, akipungua mtaanza kunong'ona ana ngoma, wengine watauliza kama kaachika.

Wewe unayesoma na daktari amekutajia hii kitu, usiende kwa sababu nimeandika mimi, na usiache kwa sababu mjomba wako kacheka. Nenda na maswali. Daktari huyu ameshafanya ngapi, ikivuja usiku wa manane nampigia nani na ICU ipo hapohapo au mpaka hospitali nyingine, mtaalamu wa lishe yupo au ni nesi atanipa karatasi, damu yangu itapimwa kila baada ya muda gani na hizo vitamini za kila siku zinauzwa bei gani huku mtaani. Wakikujibu kuhusu bei ya kulazwa tu halafu la mwaka wa pili na wa tatu wanalikwepa, beba mkoba wako uondoke, tafuta wengine.