Kata ya Reli, reli hakuna

Hapa Mtwara mjini tuna kata inaitwa Reli. Mgeni akifika pale akauliza treni inapita saa ngapi, atachekwa kwanza, halafu ataonewa huruma. Treni ilishaondoka kabla wengi wetu hatujazaliwa. Waingereza walianza kuijenga miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mashamba yao ya karanga kule Nachingwea. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia yenyewe ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Likabaki jina.

Nimeyakumbuka haya juzi nikiwa kwa kinyozi. Kijana mmoja alikuwa anatuonyesha kwenye simu ile treni ya sumaku ya Shanghai, iliyoundwa kufika kilomita 431 kwa saa. "Mzee, hii ikiletwa kwetu, Dar ni saa moja na dakika chache." Nikapiga hesabu kichwani: kilomita kama 560, saa moja na dakika kumi na nane. Hakukosea. Na mimi ni nani nimcheke? Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kule Somanga, nikalala siku mbili kwenye kiti cha basi nikila biskuti na kusikiliza mtoto wa jirani akilia. Siku zile ungeniambia kuna treni inayopaa juu ya maji ya mafuriko ningekata tiketi bila kuuliza nauli.

Ufundi wake unavutia, sikatai. Aliyewahi kupasua spika ya redio mbovu anazijua sumaku: upande huu zinang'ang'aniana, ukigeuza moja zinakimbiana. Treni ya Shanghai, teknolojia ya Wajerumani, hutumia ule mng'ang'anio. Behewa limekumbatia njia kwa chini, sumaku zinalivuta juu, linabaki likielea kwa nafasi ya kama sentimita 1. Ya Wajapani huanza kukimbia kwa magurudumu kama gari lolote, ikifika kilomita 150 hivi kwa saa ndipo inajinyanyua sentimita 10 na kuyasahau magurudumu. Aprili 2015, kwenye majaribio, ilifika 603.

Sasa njoo kwenye bei. Njia ya Wajapani kutoka Tokyo hadi Nagoya ni kilomita 286, karibu nusu tu ya safari yetu ya Dar. Mwaka 2021 makadirio yake yalipandishwa hadi yen trilioni 7. Geuza iwe shilingi, unapata zaidi ya mara mbili ya bajeti yote ya Tanzania ya 2024/25, ile ya trilioni 49. Ni kweli wao wanatoboa milima na sisi hatuna milima ya namna ile, lakini tuna Rufiji, Matandu na Mbwemkuru, na mito hiyo ikifura haimwogopi mtu. Wajerumani wenyewe, wenye teknolojia yao, waliiacha njia ya Munich mwaka 2008 kwa sababu ya gharama. Na ile ya Shanghai bado ni kilomita 30 tu, ya kwenda uwanja wa ndege.

Lakini hata tungepewa bure, mimi ningeuliza: gunia litakaa wapi?

Maana treni hizi hubeba watu na mabegi yao, basi. Wala huwezi kuweka behewa la mizigo kwenye njia hiyohiyo usiku abiria wakilala. Njia ya sumaku haipokei treni ya magurudumu ya chuma. Simama karibu na bandari yetu msimu wa korosho ukishachanganya, uone malori yalivyopanga foleni. Ongeza yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka kule Mbinga, yanayotifua barabara mpaka mwenye kibodaboda anaomba dua kabla ya kuyapita. Kusini ina mzigo kuliko abiria. Reli ya kwanza ilikufa kwa sababu mzigo wake ulikuwa wa kubahatisha. Leo mzigo upo, unasubiri.

Mimi nataka ile reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, ambayo tumeisikia miaka mingi mpaka masikio yameota sugu. Iende kwa mwendo wa SGR ya Dodoma, 160 kwa saa. Hata nusu yake, sitalalamika.

Kijana hakukubali. Akasema wazee tunapenda vitu vya polepole. Kinyozi, ambaye muda wote alikuwa kimya na mashine yake, akauliza kama hiyo ya sumaku itasimama Somanga.

"Isimame Somanga kufanya nini? Ile ni moja kwa moja."

"Basi samaki nitanunua wapi?"