Dakika 19 na Koyoti Asiyeogopa Sufuria

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja ingawa wote mnamjua kwa kicheko chake, amekwisha kuitangaza habari hii katika kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani tulioko Illinois, naona afadhali niieleze mwenyewe kabla haijafika Singida ikiwa imeota pembe na mkia. Yeye amesema kwamba nilipambana kwa dakika 40. Si kweli. Kamera ya mlangoni kwa jirani inaonyesha dakika 19, nami naomba hesabu hiyo iheshimiwe. Amesema pia kwamba nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu. Hilo ni kweli, na tutalifikia.

Msimamo wangu kuhusu mbwa mnaujua. Kwetu mbwa hula nje, hulala nje, na hulipa pango kwa kubweka. Kashata, mbwa wa binti yangu Neema, ambaye hafiki kilo 4 hata ukimpima pamoja na bakuli lake, halali nje kwa sababu Neema hataki. Lakini katika suala la bakuli nilishinda mimi. Kila jioni nililijaza ugali uliobaki na mifupa, nikaliweka kibarazani kwenye mlango wa nyuma, na Kashata asipomaliza lilibaki hapo mpaka asubuhi. Neema alinionya mara tatu kwamba chakula kinachoachwa nje ndicho kinachowaita koyoti majumbani. Nilimjibu kwamba nimechunga mbuzi tangu nikiwa na miaka tisa, na kwamba fisi wa Singida wananijua. (Kwa wasiomfahamu, koyoti ni wa ukoo wa mbwa, amefanana na bweha wetu ila ana miguu mirefu zaidi, aliyekomaa huwa na kilo 10 hadi 18 hivi, na fisi akimwona atacheka kuliko mnavyocheka sasa.)

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi. Usiku mmoja koyoti walilia ng'ambo ya bwawa lililo nyuma ya nyumba zetu, hapa katika kitongoji cha magharibi mwa Chicago. Nikasema hao hawapungui kumi na wawili. Neema akasema huenda ni wawili tu, maana sauti zao hupanda, hushuka na kupishana hata wawili wakasikika kama ukoo mzima ulio msibani. Kesho yake wasimamizi wa nyumba walibandika kila mlango waraka wa kurasa mbili. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Uliagiza kwamba ukikutana na koyoti usikimbie wala usimpe mgongo. Mbwa mdogo umwinue. Ujifanye mkubwa, upunge mikono, upige kelele, ugonge vyombo na kumkazia macho. Na kubwa kuliko yote, usiache mpaka aondoke, kwa sababu ukinyamaza yeye akiwa bado amesimama, utakuwa umemfundisha kwamba kelele za binadamu ni za kupita. Sentensi hiyo niliikariri. Ukurasa wa pili niliuweka juu ya jokofu.

Siku mbili baadaye, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kashata alikwaruza mlango akitaka kutoka. Nilivaa kilichokuwa karibu: ndala, koti la baridi la mke wangu, na kanga yake kiunoni. Nilipofungua mlango nilimwona. Alikuwa umbali wa hatua arobaini hivi, kando ya bwawa, chini ya taa ya maegesho, ameinamisha kichwa na kunitazama. Bata bukini wapatao ishirini walikuwa wakila majani kumzunguka, na mmoja alikuwa amelala karibu kabisa na miguu yake ya mbele. Nakumbuka niliwaza kwamba bata wa nchi hii hawana akili hata chembe. Ndugu zangu, naomba muikumbuke fikra hiyo.

Nilifuata waraka neno kwa neno. Nilirudi jikoni kinyumenyume, nikamtia Kashata ndani ya koti na kufunga zipu mpaka kichwa chake peke yake kikabaki nje chini ya kidevu changu, nikachukua sufuria ya ugali na mwiko, kisha nikatoka tena. Nikagonga. Koyoti hakutikisika. Nikagonga kwa nguvu zaidi na kupiga yowe lile la kufukuzia fisi, ambalo sikuwa nimelitumia tangu 1994 na ambalo, kwa maoni yangu, bado liko vizuri. Koyoti alitikisa mkia. Mtikisiko huo ndio ulionimaliza, kwa sababu niliuona kuwa ni dharau. Yeyote anayesema kwamba ningepaswa kugundua jambo wakati huo, nakuuliza: ni kitu gani kisicho na uhai ambacho hutikisa mkia?

Waraka ulisema usiache mpaka aondoke. Yeye hakuondoka, basi na mimi sikuacha. Nilisogea hatua kumi. Nilipanua koti kwa viwiko ili nionekane mkubwa, na nadhani nilionekana kama bata mzinga mwenye vichwa viwili. Nilipochoka kupiga yowe nilianza kuhutubia. Nilimweleza kwamba pango la mwezi huo nimelipa. Nilimuuliza kama kwao hakuna wazee. Kashata alianza kujipinda ndani ya koti, akapandisha kichwa begani kwangu na kunguruma akielekea nyuma, nyumbani. Nilimshika kidevu kwa upole, nikamgeuza uso, nikamwambia, “Adui yuko huku, mwanangu.” Akageuka tena. Nikamgeuza tena. Tulifanya hivyo mara nne, na kamera imezihesabu zote.

Dakika ya kumi na tisa mkono ulikufa ganzi. Nilirusha mwiko. Niliurusha kama jiwe la kuchungia, kwa mkono wa chini, nao ukazunguka angani chini ya mwanga wa taa taratibu kiasi kwamba nilipata muda wa kujuta. Ukampiga ubavuni. Sauti iliyotoka ilikuwa “ko!”, kama ya dumu tupu la mafuta. Koyoti aliangukia ubavu, miguu yote minne ikiwa imenyooka, bila kukunja hata mmoja. Yule bata aliyelala karibu naye aliinuka, akasogea hatua moja, akalala tena.

Nilidhani nimeua. Nilisimama pale na sufuria, kanga ikipepea, nikiwaza hakimu atanielewa vipi, ndipo dirisha la ghorofa ya pili likafunguka na Mama wa Kikongo, jirani yetu, akatoa kichwa kilichofungwa kitambaa.

“Papa Neema,” alisema kwa huruma nyingi, “ile haiko nyama. Iko plastiki. Walileta yake jana, juu ya kufukuza bata.”

Nilimshukuru. Sikujua la kusema zaidi ya hilo. Nikamuuliza habari za watoto.

Ukurasa wa pili, ambao Neema alinisomea kwa sauti akiwa amesimama mbele ya jokofu, ulieleza kwamba sanamu ya koyoti yenye mkia wa manyoya unaochezeshwa na upepo itawekwa kando ya bwawa, kwa sababu bata bukini wanachafua njia za watu. Kama bata walikuwa wameuelewa ukurasa huo kunishinda, hilo ni kati yao na Mungu.

Video nayo ina sehemu ambayo rafiki yangu ameikata kwa makusudi ili nionekane nilikuwa peke yangu. Katika dakika ya kumi na moja, wakati nikihutubia, koyoti wa kweli anatokea kwenye kona ya nyumba, nyuma yangu, hatua kama nane tu. Anasimama. Anautazama mgongo wangu, ambako kanga inasomeka vizuri kabisa: HASIDI HANA SABABU. Kisha anakwenda kibarazani, anakula ugali wote wa Kashata, anachukua mfupa mmoja, na kuondoka bila haraka. Mzigo mzima wa kelele zile, ambazo ziliamsha nyumba saba, haukumgusa, kwa kuwa hakuna hata moja iliyoelekezwa kwake.

Nijitetee kidogo. Mwaka 2007, hapa hapa Chicago, koyoti aliingia katika mgahawa wa sandwichi katikati ya jiji mchana kweupe, akajilaza ndani ya jokofu la wazi la vinywaji. Na tangu mwaka 2000 watafiti wanawavalisha koyoti wa kaunti yetu ya Cook vidani vya redio na kuwafuatilia wakiishi kati ya mamilioni ya watu, wengi wao bila sisi kuwaona. Mtu akisimama mbele ya mnyama wa namna hiyo, na mnyama akatikisa mkia, afanyeje?

Yaliyofuata ni mafupi. Bakuli sasa liko ndani, kando ya jiko, na Neema hakusema neno, jambo ambalo liliniuma zaidi. Kashata anatoka kwa kamba fupi isiyofika mita 2, nami nakuwa naye mpaka amalize haja yake. Mke wangu ameichukua kanga yake. Mwiko ulielea bwawani siku tatu, kisha haukuonekana tena.

Sanamu waliisimamisha tena siku ile ile. Inahamishwa kila baada ya siku chache, kwa sababu ikikaa mahali pamoja bata huizoea, na jana wafanyakazi waliiweka kwenye nyasi zilizo mkabala na dirisha letu la jikoni. Ina mbonyeo ubavuni. Leo asubuhi, nilipokuwa nikichemsha chai, upepo ulivuma, ikatikisa mkia, na Kashata akanitazama mimi.