Céline Dion bora yuko kwenye Kifaransa

Ukimtaja Céline Dion kwetu, mtu anakujibu kwa kuuimba ule wimbo wa filamu ya Titanic. Huyo ndiye tunayemjua: mwanamama wa sauti ya kupasua anga, wa kwenye harusi, saluni na vipindi vya mahaba vya redio usiku. Nami nampenda. Ila nashikilia kwamba kazi yake bora kuliko zote haimo humo. Imo katika D'eux, albamu ya Kifaransa aliyoitoa Machi 1995, na ubora wake umetokana na jambo moja: safari hii alipata mtu aliyethubutu kumwambia apunguze sauti.

Mtu huyo ni Jean-Jacques Goldman, mzaliwa wa Paris, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, ambaye Wafaransa walikuwa wanaimba vibao vyake tangu miaka ya 1980. Albamu ina nyimbo 12 na karibu zote, maneno na muziki, zimetoka mikononi mwake. Alimkuta Céline ana mazoea ya kila mwenye kipaji kikubwa, yaani kukitoa chote kila mara. Kila ubeti ulikuwa na kilele chake, kila kilele kikifuatwa na kingine kirefu zaidi. Goldman akamtaka aimbe kidogo, aache maneno yafanye kazi. Kwa mwimbaji ambaye dunia nzima ilikuwa inamlipa kwa ukubwa wa sauti yake, hilo halikuwa ombi dogo.

Na tazama lilikuja wakati gani. Mwaka 1994 "The Power of Love" ulikuwa umeshika namba moja Marekani. Mwanzoni mwa 1995 "Think Twice" ukakaa kileleni Uingereza kwa wiki saba mfululizo. Milango ya Kiingereza ilikuwa wazi kwake kuliko wakati wowote, na papo hapo akatoa albamu ya lugha aliyozaliwa nayo. Tukumbuke huyu ni binti wa Charlemagne, mji mdogo wa Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, kitindamimba katika familia ya watoto 14, aliyejifunza Kiingereza akiwa tayari ni mwimbaji anayejulikana. Mwaka 1990 walipomtunuku kwao tuzo ya msanii bora wa Kiingereza, aliikataa palepale jukwaani.

Wanunuzi waliitikia. Ufaransa albamu ilikaa namba moja wiki 44, ikauza zaidi ya nakala milioni 4 nchini humo na takriban milioni 10 duniani kote. Hata Uingereza, ambako wimbo wa lugha ya kigeni hupata tabu kupenya, "Pour que tu m'aimes encore" ulifika namba 7.

Huo ndio wimbo wa kwanza kwenye albamu, na ndio ninaoutumia kumshawishi yeyote anayebisha. Céline anaanza chini kabisa, kama mtu anayezungumza na mwenzake mezani. Mwanamke ameshaambiwa kwamba penzi limekwisha. Halii wala hagombi. Anasema ameelewa vizuri, ahsante, ndivyo mambo yanavyokwenda. Ubeti mzima anajikaza namna hiyo, na wewe uliyezoea Céline wa Kiingereza unangoja alipuke. Kwenye kiitikio sauti inapanda, lakini sasa ina sababu ya kupanda: subira imemwisha. Atautafuta moyo huo hata ukipelekwa kwingine. Atajifanya malkia, atageuka dhahabu, atakuwa kama hao wengine wanaompendeza. Halafu ubeti ukirudi, na yeye anarudi chini. Kule kushuka ndiko kunakoniumiza mimi, kuliko kupanda.

Miongoni mwa ahadi zake ipo inayotugusa: atayatamka bila kujuta maneno ya uchawi ya waganga wa Afrika, ili mradi apendwe tena. Ningefurahi zaidi Goldman angetafuta picha nyingine, kwa sababu Afrika ya nyimbo za Ulaya imekwisha kuwa ya waganga na ngoma mno. Hata hivyo, msikilizaji aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kusimuliwa habari za limbwata. Anamjua mwanamke aliyefika hapo, na anajua hakufika kwa kupenda.

Mwaka uliofuata wimbo huohuo uliwekewa maneno ya Kiingereza, ukaingia kwenye Falling into You kwa jina la "If That's What It Takes". Muziki ni uleule na koo ni lilelile. Ila kisa kimebadilika: yule aliyeachwa amekuwa mfariji mwenye nguvu, anamwahidi mpenzi wake kwamba atasimama naye katika shida. Ni maneno mazuri ya kuandika kwenye kadi. Fedheha ya kuomba kupendwa tena imeondolewa, na pamoja nayo kila kilichoufanya wimbo uume. Hapo ndipo naona hasara tuliyopata sisi tuliompokea kupitia Kiingereza peke yake.

Wimbo wa kufungia albamu, "Vole", una uzito mwingine. Ni wa kumkumbuka mtoto wa dada yake Céline, msichana aliyefariki 1993 akiwa na miaka 16 kwa ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito hadi pumzi inakuwa kazi. Wimbo unamwita mbayuwayu. Unamwambia aruke, aende mbali kwa amani, asizuiwe na chochote cha huku, alivue vazi hili la mateso. Ukiwahi kuuguza mtu ukafika mahali pa kumwombea apumzike, unajua ilivyo vigumu kuyatamka maneno hayo. Céline anayaimba laini kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Angepaza sauti hapo, angekuwa anajiimbia mwenyewe.

Sisemi kila kitu kimo sawa. "Regarde-moi" sijawahi kuurudia kwa hiari. Lakini "J'irai où tu iras", anaoimba na Goldman mwenyewe, una furaha isiyozeeka, na msomaji wa Biblia atasikia ndani yake Ruthu akimwambia mkwewe kwamba uendako nitakwenda. "Je sais pas" nao ni shule nzima ya kujizuia.

Julai 26, 2024, baada ya ugonjwa wa neva unaokaza misuli kumweka mbali na jukwaa kwa miaka kadhaa, Céline alisimama kwenye Mnara wa Eiffel kufungua Olimpiki ya Paris, akaimba "Hymne à l'amour" wa Édith Piaf, mwimbaji mashuhuri wa zamani wa Ufaransa. Dunia ilimsikia tena kwa mara ya kwanza, na ilikuwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watangazaji wetu wa vipindi vya usiku. Wenzetu wa Bujumbura, Goma na Kigali wanaojua Kifaransa hawana haja ya kubembelezwa katika hili. Nyinyi wa Dar es Salaam na Mombasa, wimbo wa Titanic tumeshaushiba. Tuwekeeni "Pour que tu m'aimes encore", mwanzo hadi mwisho, na tafadhali msiongee juu ya ule ubeti wa kwanza.