Kofia mbili za mwanasaikolojia wa mahakama

Kijana wa Kisauni, Mombasa, akikamatwa kwa kukata watu mapanga, barazani hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: ni unga, ni marafiki, ni mama aliyemdekeza. Mwanasaikolojia anayechunguza ukatili hana njia hiyo ya mkato. Hukaa na mshtakiwa, husoma faili, huwahoji jamaa, kisha huandika ripoti: akili zake zikoje, na akiachiwa atarudia?

Wanaoitetea kazi hii wana hoja. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha katiba. Tangu hapo jaji hutazama pia kama mtu anaweza kurekebika. Bila mtaalamu, ataegemea nini zaidi ya ufasaha wa wakili? Na anayetaka kuuelewa ukatili, gereza la Shimo la Tewa kuna mengi ambayo vitabu havina.

Ila lile "atarudia?" ni gumu. Mwaka 1981, Mmarekani John Monahan alipitia tafiti zilizokuwapo akaona wataalamu waliotabiri kwamba fulani atadhuru watu walipatia mara moja tu katika tatu, pengine chini ya hapo. Baadaye ikaja miongozo ya kupima hatari hiyo, kama HCR-20 ya Kanada, yenye vipengele 20, na kwa kweli inashinda kubahatisha. Lakini kimojawapo ni matatizo ya ajira. Kipeleke maskani yoyote ya vijana Likoni uone nani atakikwepa! Kinachomtenga mtu na wenzake Kanada, hapa kinamfananisha na mtaa mzima.

Hilo linarekebishika. Linalonikosesha raha ni kofia mbili. Wataalamu ni wachache, kwa hiyo yule yule anayemtibu mahabusu ndiye anayeombwa ripoti. Kijana amemwaga moyo akidhani yuko kwa daktari wake, kumbe yuko mbele ya shahidi. Hapo naachana na watetezi: kwa mtu mmoja, ama umtibu ama umtolee ushahidi. Wataniambia Pwani haina anasa ya kuajiri wawili. Huenda. Lakini kijana akisikia siri zake zikisomwa kortini, hatafunua tena kinywa, na maskani nzima itakuwa na habari kabla ya swala ya Ijumaa.